Maneno matatu, anwani moja

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili wa kitivo tulitengeneza kamusi ndogo ya Kilingala na Kiswahili ya kusomwa kwenye simu. Kila neno lilikuwa na ukurasa wake, na neno lenyewe ndilo lililofunga anwani ya ukurasa huo. Siku ya kuonyesha kazi darasani, mwalimu alitafuta motó, yaani kichwa. Akaletewa ukurasa wa moto, yaani mtu. Akajaribu mɔ́tɔ, ambalo maana yake ndiyo moto wa Kiswahili. Akaletewa mtu yuleyule.

Kosa lilikuwa langu. Niliogopa kuweka herufi zisizo za kawaida ndani ya anwani, nikaiagiza programu ifute alama za toni na kugeuza ɔ kuwa o. Kurasa tatu zikagombania anwani moja, ikabaki iliyohifadhiwa mwisho. Sisi tunaofundishwa kila siku kwamba toni hutofautisha maana tulikuwa tumeifuta kwa mikono yetu wenyewe.

Hofu yangu ilikuwa na chanzo. Kanuni ya anwani za intaneti, RFC 3986 ya mwaka 2005, inaruhusu alama 66 tu zitumike popote bila shida: herufi kubwa 26 na ndogo 26, tarakimu 10, na alama nne, yaani - . _ ~. Nyingine, kama / ? # &, zina kazi maalumu ya kutenganisha sehemu za anwani. Ila kanuni hiyohiyo haikuagiza tufute herufi zinazobaki. Inaelekeza zisimbwe, yaani ziandikwe kwa namna nyingine bila kupotea.

Kazi inafanyika hivi. Kwanza herufi hugeuzwa kuwa baiti kwa mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Kisha kila baiti huandikwa kwa alama ya asilimia na tarakimu mbili za msingi wa 16. Herufi ɔ ina baiti mbili, hivyo huwa %C9%94. Alama ya toni ya juu huwa %CC%81. Basi mɔ́tɔ ni m%C9%94%CC%81t%C9%94, na motó ni mot%C3%B3. Moto, mtu, linabaki lilivyo. Anwani ni tatu, na hakuna inayomgusa mwenzake.

Katika kurekebisha kamusi tulijifunza mambo matatu.

Kwanza, simba kila kipande peke yake kabla ya kuunganisha anwani. Mtu akitafuta "chai & mkate" na alama ya & ikaachwa wazi, seva itadhani swali limeishia kwenye chai. Katika JavaScript, encodeURIComponent ndiyo ya kipande; encodeURI huiacha & kama ilivyo.

Pili, simba mara moja tu. Ukirudia, alama ya asilimia nayo husimbwa: %C9 huwa %25C9, na neno halipatikani tena.

Tatu, amua tahajia kabla ya kusimba. Herufi ó inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, au kama o ikifuatwa na alama ya toni. Kwa jicho ni neno moja. Kwa mashine, mot%C3%B3 na moto%CC%81 ni mawili. Unicode ina utaratibu uitwao NFC wa kuyaleta pamoja. Lakini NFC haikusaidii katika ng'ombe: apostrofi iliyonyooka ni %27, na ile iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe ni %E2%80%99. Hapo tulilazimika kuchagua moja na kuibadilisha nyingine kila inapoingia.

Wenzangu mnaokusanya maneno ya Kinande, Kihunde au Mashi kwa ajili ya tasnifu, siku moja mtampa fundi wa programu orodha zenu. Kabla hajaendelea mbali, mpeni maneno mawili yanayotofautiana kwa toni tu, mwombeni awaonyeshe anwani zake. Zikiwa sawa, kazi yenu ya uwandani imeanza kupotea.