Kunusa embe kwa mashine, bila kulikata

Upimaji wa matunda uliozoeleka huua tunda. Embe hutobolewa kwa kifaa cha kupima ugumu, hukamuliwa tone la maji yake lipimwe utamu, kisha hutupwa. Majibu ni ya embe lile moja. Yaliyobaki kwenye kreti hukisiwa tu.

Harufu inatoa njia nyingine, kwa sababu tunda linapoiva halifichi siri. Wanga hugeuka sukari, nyama hulainika, na kemikali nyepesi hupenya ganda na kuruka hewani. Ndizi mbivu hunukia zaidi kwa asetati ya isoamili. Maganda ya chungwa yamejaa limonini. Maembe yana kundi la terpini ambazo viwango vyake hutofautiana aina kwa aina. Tunda likipitiliza, au likikosa hewa, ethanoli huongezeka, na pua hutambua uchachu kabla jicho halijaona doa.

Pamoja na hizo hutoka ethilini, gesi inayochochea kuiva. Mwaka 1934 mtafiti Richard Gane, nchini Uingereza, alithibitisha kwamba matunda yenyewe huitengeneza. Wanaovundika ndizi walikuwa wakiitumia tangu zamani: mkungu ukifunikwa, gesi hiyo haipotei, na tunda moja huivisha mengine.

Maabara hufunika embe zima ndani ya chombo, huacha harufu ijikusanye, kisha huingiza uzi mwembamba wenye utando unaoifyonza. Mashine hutenganisha kemikali hizo na kuzitambua moja moja. Ni kazi makini, lakini ni ya polepole na ghali mno kwa ghala la matunda.

Ghalani kinachofaa ni pua ya kielektroniki, wazo lililochapishwa na Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1982. Vihisi vyake vingi hutumia oksidi ya bati iliyopashwa moto. Harufu ikiigusa, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Hakuna kihisi kimoja kinachoijua harufu ya embe. Kompyuta husoma majibu ya vyote kwa pamoja, kama tunavyomtambua mtu kwa sura yake nzima.

Je, pua hiyo inaweza kufichua maembe yaliyoivishwa kwa kabaidi? Hapa tuwe waangalifu. Kabaidi ikipata unyevu hutoa asetilini, inayoigiza ethilini, na embe changa huweza kugeuka manjano huku harufu yake ikiwa bado hafifu. Hiyo ni dalili ya kutilia shaka, si ushahidi. Hatari kubwa ni mabaki ya aseniki na fosforasi yaliyomo ndani ya kabaidi, na aseniki haigunduliki kwa kunusa ganda. Inahitaji kipimo chake.

Unyevu na joto la ghala navyo huvuruga vihisi. Zaidi ya hapo, kifaa kilichofundishwa kwa maembe ya aina ya Tommy Atkins hakiwezi kuaminiwa mbele ya aina nyingine, kama dodo au ngowe. Lazima kwanza maembe ya aina hiyo yanuswe na mashine, kisha hayo hayo yakatwe na kupimwa utamu na ugumu, ili kompyuta ijue harufu ipi inaambatana na nyama ipi. Kazi hiyo hufanywa upya kwa kila aina, na huhakikiwa tena msimu mwingine unapoingia.