Uso Unapocheza Upande Mmoja: Utambuzi na Dawa za Mikazo ya Misuli ya Uso

Jicho kucheza ni jambo ambalo karibu kila mtu amewahi kulipata. Wapo wanaolitafsiri kuwa dalili ya mgeni au ya habari iliyo njiani, na tafsiri hiyo haina madhara, kwa sababu kope zinazocheza kwa uchovu, kukosa usingizi au wingi wa kahawa hutulia zenyewe baada ya siku chache. Makala haya yanahusu hali nyingine: kope za jicho moja zinapoendelea kucheza kwa miezi, mkazo ukashuka shavuni, kona ya mdomo ikaanza kuvutwa, hata nusu nzima ya uso ikawa inakunjamana ilhali nusu ya pili imetulia kimya.

Ugonjwa huu wa mikazo ya upande mmoja wa uso si wa kawaida sana. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya moja ya jimbo la Minnesota, Marekani, ulikuta wagonjwa wapatao 14.5 katika kila wanawake 100,000, na 7.4 katika kila wanaume 100,000. Mara nyingi huanza katika umri wa miaka 40 hadi 60. Hauui wala hauondoi akili. Hata hivyo, mwalimu ambaye jicho lake hujifunga mbele ya darasa, au dereva ambaye hubaki na jicho moja barabarani, hawezi kuambiwa kwamba tatizo lake ni dogo. Wengine huacha kuhudhuria harusi na misiba kwa kuchoka kutazamwa, na wapo wanaozungushwa kwa waganga kwa miaka kabla ya kumfikia tabibu.

Chanzo chake kinaeleweka vizuri kuliko watu wanavyodhani. Misuli ya kila upande wa uso huendeshwa na neva ya saba ya kichwa, inayotoka katika shina la ubongo. Pale inapochomoza, kabla ya kupata ala imara, neva hiyo ni dhaifu. Ateri iliyopinda ikiigusa mahali hapo, kila pigo la moyo huwa kama kidole kinachogonga waya: ala huchakaa, na neva huanza kufyatua amri ambazo ubongo haukuzitoa. Mwaka 1875 tabibu wa Kijerumani, Friedrich Schultze, alieleza habari za maiti ya mtu aliyekuwa na mikazo upande wa kushoto wa uso. Ndani ya fuvu lake alikuta ateri iliyovimba ikiikandamiza neva hiyo. Mara chache kinachokandamiza ni uvimbe wa aina nyingine, na ndiyo sababu kipimo cha MRI huombwa pale kinapopatikana, hasa kwa mgonjwa kijana au mwenye ganzi usoni, kupungukiwa kusikia au kukosa mwendo thabiti.

Lakini utambuzi wenyewe hufanywa kwa masikio na macho ya daktari. Mgonjwa husimulia kwamba mikazo ilianzia kwenye jicho, haina maumivu makali, huzidi akiwa na wasiwasi au akizungumza, na haikomi hata usingizini. Ipo pia ishara aliyoieleza Joseph Babinski wa Ufaransa mwaka 1905, nayo haihitaji mashine yoyote: jicho linapofumbwa na mkazo, nyusi ya upande uleule huinuka. Hebu msomaji ajaribu kufumba jicho moja kwa nguvu huku akiinua nyusi yake; ataona jinsi ilivyo vigumu kuigiza jambo hilo.

Magonjwa yanayofanana na huu ni mengi, na kila moja lina njia yake. Macho yote mawili yakijifumba kwa pamoja, tatizo huwa katika ubongo wenyewe na si katika neva ya saba. Uso uliolegea ghafla, bila kukaza, hutia shaka ya kiharusi au kupooza kwa neva. Mtu aliyewahi kupooza uso akapona anaweza kubaki na jicho linalojifunga kila anapotabasamu. Kifafa nacho huweza kutikisa upande mmoja wa uso, lakini huja kwa vipindi, na mara nyingi huambatana na mkono kutikisika au fahamu kupotea. Taya zilizokaza zisifunguke ni dharura, kwa kuwa huenda ni pepopunda. Tena daktari asisahau kuuliza dawa: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, na haloperidoli ya magonjwa ya akili, zote huweza kupindisha uso na shingo.

Katika vidonge, kinachojulikana zaidi ni kabamazepini. Hii ni dawa ya kifafa, na hapo huzuka fadhaa nyumbani, kwani ndugu wakisoma maelezo ya kopo huamini mgonjwa wao ana kifafa. Ni wajibu wa aliyeandika dawa kueleza kwamba inatumika hapa kutuliza neva inayofyatua ovyo. Huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole. Husaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi, na mara nyingi nafuu hufifia kadiri muda unavyopita. Huleta kizunguzungu na usingizi, huweza kushusha chumvi ya damu, na vipele pamoja na vidonda vya mdomo vikitokea ni lazima mgonjwa arudi hospitali siku ileile.

Katika nchi zetu kuna tahadhari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Kabamazepini hulichochea ini kuziondoa dawa nyingine haraka mwilini. Mtu anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU hupungukiwa na kiwango cha dawa hiyo, hivyo hulazimika kuimeza mara mbili kwa siku au kupewa tiba nyingine ya mikazo. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupungua nguvu. Klonazepamu, baklofeni na gabapentini hutumika pia, zikiwa na mafanikio ya wastani. Klonazepamu huzoeleka, na isikatizwe kwa ghafla.

Dawa yenye nguvu zaidi ni sindano ya sumu ya botulini, ileile inayoua watu kupitia vyakula vilivyohifadhiwa vibaya. Daktari wa macho Alan Scott, wa San Francisco, aliijaribu kwa nyani katika miaka ya 1970 akitafuta tiba ya makengeza, na mwishoni mwa 1989 Marekani iliidhinisha itumike kwa binadamu. Kiasi kidogo mno hudungwa katika misuli inayokaza, kikazuia neva isiachie kemikali inayoiamuru misuli. Nafuu huonekana ndani ya siku chache hadi wiki moja, hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha sindano hurudiwa. Kope huweza kulegea, jicho likakauka, au mdomo ukapinda kidogo, na hayo huisha kadiri dawa inavyoisha nguvu. Wenye ugonjwa wa misuli kuchoka upesi hawafai kupewa bila uangalizi wa bingwa. Vipimo vya kampuni moja havilingani na vya nyingine, na dawa huhifadhiwa kwenye baridi. Kwa hiyo sindano za mitaani za kuondoa makunyanzi si mahali pa kutafutia tiba hii.

Upasuaji wa kuitenga ateri na neva upo, na ndio unaogusa chanzo chenyewe, ila una hatari ya kudhuru usikivu na huhitaji mpasuaji aliyezoea kazi hiyo.

Kwa kuwa mikazo hupenda kutulia pale mgonjwa anapoketi mbele ya daktari, ndugu amrekodi kwa simu ikiwa imepamba moto, dakika moja tu, uso mzima ukionekana, na tena akiwa amelala. Video hiyo, pamoja na pakiti za dawa zote anazomeza, humfaa daktari kuliko barua ndefu ya rufaa.