Houghton, Darby na vita ya kusaka tiba ya MND

MASHABIKI wa Chelsea hawajaisahau Januari 24, 2015. Wakiwa Stamford Bridge chini ya Jose Mourinho, walitangulia kwa mabao mawili dhidi ya Bradford City, timu ya daraja la tatu. Bradford wakapindua meza na kushinda 4-2, Chelsea wakaaga Kombe la FA.

Beki wa kulia wa Bradford siku ile alikuwa Stephen Darby, zao la akademi ya Liverpool. Septemba 2018, akiwa Bolton Wanderers, Darby alitangaza kutundika daluga. Alikuwa na miaka 29 tu. Hakustaafishwa na goti wala enka, bali na MND, ugonjwa adimu unaoua seli za neva zinazoendesha misuli.

Alikuwa na miezi michache tu kwenye ndoa. Mkewe ni Steph Houghton, wakati huo nahodha wa Manchester City ya wanawake na timu ya taifa ya England.

Hauna tiba

MND, ambao wengine huuita ALS, ndio uliomkumba mwanasayansi Stephen Hawking. Mgonjwa huanza kushindwa kushika vitu au kutembea, baadaye kuongea, kumeza, na mwisho kupumua. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka miwili tangu wagundulike.

Dawa ya kuuponya haipo. Riluzole, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, inapunguza kasi tu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, lakini hiyo ni kwa wagonjwa wachache wenye hitilafu kwenye jeni ya SOD1.

Tatizo ni kwamba ugonjwa wenye wagonjwa wachache hauna soko kubwa la dawa. Ndiyo maana familia zenyewe zinaingia kutembeza bakuli ili watafiti wapate fedha.

Darby alifanya hivyo. Akishirikiana na Chris Rimmer, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa na ugonjwa huohuo, alianzisha taasisi ya Darby Rimmer MND Foundation kuchangia utafiti na kusaidia familia za wagonjwa. Houghton akawa bega kwa bega naye, akitumia jina lake kuusemea ugonjwa ambao mashabiki wengi hawakuujua.

Yote hayo aliyabeba huku akicheza. Chini ya mwaka mmoja baada ya taarifa ile, aliiongoza England hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia 2019 Ufaransa. Walifungwa 2-1 na Marekani, na penalti yake ikadakwa. Alistaafu 2024 akiwa na mechi 121 za timu ya taifa.

Camp Nou ilijaa

Soka likiamua, fedha inapatikana. Agosti 24, 2022, Barcelona na Manchester City ya wanaume walitoka sare ya 3-3 Camp Nou mbele ya watu zaidi ya 90,000. Ilikuwa mechi ya kirafiki kwa ajili ya Juan Carlos Unzue, kipa wa zamani wa Barca aliyewahi kufanya kazi chini ya Pep Guardiola, ambaye alitangaza 2020 kuwa ana ALS. Zaidi ya euro milioni 4 zilikusanywa kwa ajili ya utafiti. Hiyo ni usiku mmoja tu.

Na soka lina sababu ya kujali. Utafiti uliofanyika Glasgow na kutolewa 2019, uliohusisha wanasoka wa zamani 7,676 wa Scotland, ulionyesha kuwa hatari yao ya kufa kwa MND ilikuwa takribani mara nne ya watu wengine. Chanzo hakijathibitishwa, ingawa kupiga mpira kwa kichwa kunachunguzwa.

Mwaka 2022 ikawa zamu ya Marcus Stewart, straika aliyefunga mabao 19 Ipswich Town ilipomaliza ya tano Ligi Kuu England msimu wa 2000/01. Naye alipokutwa na MND, alivaa viatu na kuungana na Darby kwenye matembezi ya kuchangisha fedha. Wote wawili walijua dawa inaweza isiwawahi wao, lakini kuna mchezaji mwingine anayeweza kuikuta.