Tiba ya usemi: Masomo ni marefu, wataalamu ni haba

Msomaji, tuseme wewe ni mkazi wa Bura. Si ile Bura ya Tana River yenye mashamba ya kunyunyiziwa maji, bali Bura ya Taita, walikofika wamishonari Wakatoliki mwaka wa 1892 na ambako, yasemekana, miche ya kwanza ya kahawa humu nchini ilipandwa mwaka uliofuata. Mwanao ametimu miaka mitatu na maneno anayoyatamka hayazidi vidole vya mikono yako. Utafanya nini?

Jirani atakwambia subiri, hata babake alichelewa. Shangazi atakwambia ulimi umeshikwa chini, ukatwe. Mwingine atakulaumu kwa kumchanganya mtoto kwa Kidawida na Kiswahili, na kukushauri uache Kidawida. Ushauri huu wa mwisho ndio unaonikera zaidi, maana hata walimu huutoa. Kusikia lugha mbili au tatu nyumbani hakumfanyi mtoto akose usemi. Mtoto mwenye tatizo atakuwa nalo katika lugha zake zote, na ukimnyang'anya moja, umemnyang'anya nyanya yake.

Anayepaswa kukujibu ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Kwanza atataka masikio ya mtoto yapimwe, kwa kuwa asiyesikia vyema hawezi kuiga. Kisha atamtazama akicheza, aone kama anaelewa anayoambiwa na anaombaje kitu asichoweza kukitaja. Shida ni kumpata mtaalamu huyo. Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 katika hesabu ya 2019, na wataalamu hawa ni haba Kenya nzima, wengi wao wakiwa mijini. Mzazi aliyepanda matatu kutoka Bura kupitia Mwatate hadi Voi huenda akaambiwa aendelee na safari hadi Mombasa au Nairobi.

Basi swali linalofaa kuulizwa na kijana anayetafuta kazi ya maisha ni hili: mtu husomea wapi utaalamu huu?

Kwa miaka mingi hapakuwa na chuo cha kuufundisha katika Afrika Mashariki. Aliyeutaka alivuka bahari, au alikwenda Afrika Kusini, ambako hufundishwa kwa shahada ya miaka minne. Mambo yalibadilika mwaka wa 2008, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilipoanzisha shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha. Humu nchini, Chuo Kikuu cha Kenyatta, chenye idara ya elimu ya mahitaji maalumu, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Tusisahau pia Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986 kwa msaada wa Denmark. Imewafunza walimu wengi wa watoto wenye ulemavu. Mwalimu wa KISE si tabibu wa usemi, lakini mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto anayeitwa mjinga darasani ana tatizo la kusema tu.

Kwa wanaotazama ng'ambo, fahamuni kwamba Marekani haimhesabu mtu kuwa mtaalamu kamili kwa shahada ya kwanza. Ni lazima awe na shahada ya uzamili. Chama chao cha kitaifa, kilichoanzishwa mwaka wa 1925, hudai mwanafunzi awe amesoma biolojia, takwimu, fizikia au kemia, na elimu ya jamii. Kisha hudai saa 400 za mafunzo ya vitendo: 25 za kutazama wenye ujuzi wakifanya kazi, na 375 za kushughulika na wagonjwa yeye mwenyewe, akisimamiwa. Akishahitimu, hufanya mtihani wa taifa na kazi ya majaribio ya majuma 36. Uingereza nayo ina shahada ya kwanza, na pia uzamili wa miaka miwili kwa aliye na shahada nyingine inayofaa.

Kwa nini saa nyingi hivyo? Kwa sababu kazi yenyewe ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Watu hufikiria kigugumizi na kithembe tu. Kigugumizi kimo, naam. Yapata watoto 5 kwa kila 100 hukipitia, na wengi wao hupona. Huyo hahitaji kuambiwa "sema polepole" mbele ya wageni. Anahitaji kutazamwa usoni na kuachwa amalize sentensi yake. Wamo pia watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, ambao daktari akishashona bado wapo wanaohitaji kufunzwa kutamka. Wamo wenye usonji, na wenye mtindio wa ubongo.

Halafu kuna kumeza. Mzee aliyepatwa na kiharusi hupewa uji mwepesi kwa huruma, nao ukapita njia ya hewa ukaingia mapafuni. Siku chache baadaye ana nimonia, na jamaa wanashangaa ilitoka wapi. Mtaalamu wa usemi husomea misuli na neva za koo hasa kwa ajili hii. Hupima namna mgonjwa anavyomeza, akaonyesha aketishwe vipi, na chakula kiwe kizito kiasi gani. Hapo si suala la matamshi tena. Ni suala la uhai.

Mzee huyo huyo yawezekana amepoteza maneno. Takriban mmoja kati ya watatu waliopatwa na kiharusi hukumbwa na hali hiyo. Akili yake ni timamu, lakini "kijiko" hakiji. Sasa chukulia alikuwa karani wa reli: Kidawida kwao, Kiswahili kazini, Kiingereza vitabuni. Lugha hizo huweza kurudi kwa viwango tofauti. Tabibu aliyempima kwa Kiingereza pekee ataandika kwamba hawezi kusema, kumbe mkewe amezungumza naye asubuhi hiyo.

Hapa ndipo ninapoona mafunzo ya ng'ambo yanapungua. Vipimo vingi viliundwa kwa watoto wa Kiingereza. Humwuliza mtoto afanye neno moja liwe mengi kwa kuongeza sauti mwishoni, ilhali sisi tunabadilisha mwanzo: mtoto, watoto, kiti, viti. Isitoshe, vivumishi vyetu hufuata nomino zao. Mtoto wa Bura anayekosea upatanisho huo ana tatizo ambalo kipimo cha Chicago hakilioni kabisa. Na kinyume chake, mtoto wa Nyeri anayesema "rara" badala ya "lala" hana ugonjwa wowote. Ana lafudhi ya kwao.

Kwa hiyo, kijana uliye shuleni, shikilia Biolojia, wala usiidharau lugha ya mama. Nawe mwalimu au muuguzi mwenye shahada unayefikiria uzamili, kabla hujauza ng'ombe au kuchukua mkopo, kiulize chuo maswali manne: Nitapata saa ngapi za vitendo? Nani atanisimamia, naye ana sifa gani? Cheti changu kitanisajili wapi? Na nitakapokutana na wagonjwa, nitawatibu kwa lugha gani? Chuo kikikwepa swali la pili, usilipe hata shilingi.