Mbakaji akimaliza kifungo: ni nini kitamzuia asirudie?

Kifungo kina mwisho wake. Katika DRC, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inamhukumu mbakaji kifungo cha miaka 5 hadi 20. Lakini siku inafika anarudi kati ya wakaaji, na waliomteseka wanamkuta tena njiani.

Inchi zingine zilijaribu kumtibu kabla hajatoka. Njia iliyojulikana zaidi ilichukuliwa kwa matibabu ya walevi, kutoka kazi ya mtaalamu wa saikolojia Alan Marlatt wa Marekani. Mfungwa anafundishwa kutambua njia inayomfikisha kwenye kosa: hasira, upweke, mawazo mabaya, kisha nafasi ya kukaa peke yake na mtoto ao mwanamke. Anaandika mpango wa kukatiza njia hiyo mapema.

California iliipima njia hiyo katika hospitali ya Atascadero, kuanzia 1985 hadi 1995. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalishangaza wengi: waliotibiwa na wasiotibiwa walirudia kosa karibu sawa. Ni wale tu walioshika kweli mafundisho ndio walirudia kidogo.

Uingereza nayo, mwaka 2017, serikali ilichunguza mpango mwingine wa gerezani, uliofanyika kwa vikundi. Kati ya waliofuata mafundisho, 10 kwa 100 walirudia kosa la ngono. Kati ya wasiofuata, 8 kwa 100. Mpango huo ulifungwa mwaka huohuo.

Tony Ward, mtaalamu wa New Zealand, anaona kwamba kumwambia mtu mambo ya kuepuka haitoshi. Anapaswa pia kuwa na kazi, marafiki na maisha ambayo anaogopa kuyapoteza.

Kanada ilianza njia ingine mwaka 1994, katika mji wa Hamilton. Wajitoleaji wachache wanamzunguka mtu aliyetoka gerezani. Wanamsaidia kupata nyumba, wanakutana naye kila juma, na wanamuuliza bila haya: ulikuwa wapi, na nani? Akianza kuficha mambo, wanajulisha wakubwa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, uchunguzi ulionyesha kwamba waliozungukwa hivyo walikamatwa tena kwa makosa ya ngono kidogo kuliko wengine.

Njia hiyo haifuti kosa wala haiombi aliyebakwa asamehe. Inahakikisha tu kwamba mtu huyo, akitoka gerezani, kuna macho yanayomfuata.