Michezo Nyumbani Hujenga Afya

Kila mkulima wa chai katika Kericho na Bomet anajua tabia ya mchai. Usipochumwa hupanda juu, matawi yake hukomaa, na mwishowe huwa mti usio na faida kwa mwenyewe. Lakini ukichumwa kila baada ya wiki moja au mbili, hutoa machipukizi laini mwaka hata mwaka. Mwili wa mtu ni vivyo hivyo. Ukitumiwa mara kwa mara hubaki mwepesi, na ukiachwa hukakamaa.

Labda utasema, "Sisi twafanya kazi ngumu tangu alfajiri. Mazoezi ya nini tena?" Ni kweli kwamba mchumaji anayepanda na kushuka mlima na kikapu mgongoni anafanya zoezi kubwa. Lakini tazama watu wote wa nyumba yako. Kijana wa pikipiki huketi kutwa. Mwenye duka huketi nyuma ya meza yake. Mzee aliyewaachia watoto shamba huketi kibarazani. Katika mashamba makubwa, kazi nyingi ya kuchuma sasa hufanywa na mashine. Hata mchumaji mwenyewe huinama upande mmoja tu, siku baada ya siku, mpaka mgongo na mabega yakaanza kulalamika.

Hasara ya kuketi sana ilionekana zamani. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, ambao waliketi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Tangu wakati huo waganga wamejifunza pia kwamba kutumia mwili husaidia kuzuia shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Maradhi haya huja kimya kimya. Mtu huweza kuwa nayo miaka mingi asijue, mpaka siku ile anapoanguka, na ng'ombe au chai ikauzwa ili alipiwe hospitali.

KIASI GANI CHATOSHA?

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima yampasa kupata dakika 150 hadi 300 kila wiki za kutumia mwili kwa nguvu za kadiri. Hizo ni kama nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Si lazima zifanywe mara moja. Dakika kumi asubuhi na ishirini jioni ni sawa. Mara mbili kwa wiki afanye pia mazoezi ya kutia misuli nguvu. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate saa moja kila siku.

Utajuaje kwamba nguvu ni za kadiri? Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni mzuri.

KWA NINI TUCHEZE?

Jambo lililo gumu si kuanza, bali ni kuendelea. Mtu akifanya zoezi kama adhabu, ataliacha kabla mwezi haujaisha. Akilifanya kama mchezo, pamoja na watu anaowapenda, ataona siku imepungua kitu asipocheza.

Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata nishani katika michezo ya Olimpiki. Alipata ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na ya fedha katika mbio hizo hizo mjini Mexico City mwaka 1968. Tuione fahari hiyo, lakini tusidhani kwamba kukimbia ni kwa wale tu wanaotafuta nishani. Baba anayekimbizana na watoto wake kuzunguka nyumba hatapigiwa makofi na dunia, lakini moyo wake hupata faida yake.

MICHEZO YA KUJARIBU

Yote hii haihitaji fedha:

1. Kuruka kamba. Kamba ya katani yatosha. Wawili wazungushe na wengine waruke kwa zamu, huku wakihesabu kwa sauti. Andikeni hesabu ya kila jioni ukutani kwa mkaa, mwone kama kesho mtaipita.

2. Mbio za kupokezana. Gawanyeni nyumba makundi mawili, wakubwa kwa wadogo. Kijiti kiwe gunzi la hindi. Kogo awe mwamuzi, naye kila kundi linapofika ainuke kitini na kuketi tena bila kushika kitu. Zoezi hilo huimarisha miguu ya wazee, na miguu yenye nguvu huwalinda wasianguke.

3. Kuvuta kamba. Huu ni mchezo mzuri kwa vijana, na hutia nguvu mikono, mgongo na miguu. Chagueni mahali penye majani, mbali na mawe.

4. Kucheza ngoma. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika katika santuri, na wasichana walimgeuza jina kwa matamshi yao wenyewe. Basi nchi hii haikuanza leo kufurahia muziki. Fungua redio, sukuma viti kando, na wote wacheze nyimbo tatu au nne mfululizo. Huu ndio mchezo wa siku za mvua, nazo Kericho si chache.

5. Kwa mchumaji. Kabla ya kuoga jioni, simama wima, shika kiuno, jikunje nyuma polepole mara tano. Kisha zungusha mabega nyuma mara kumi. Mtoto mdogo na aongoze hesabu. Atafurahi kumwamuru mkubwa.

CHAKULA NACHO

Mchezo peke yake hautoshi kama chakula ni kibaya. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, yaani vijiko vya chai 12, na afadhali nusu ya hiyo. Mtu anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha fika mpaka kabla hajagusa soda wala keki. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku.

Sisi wa nchi ya chai tukumbuke jambo moja zaidi. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka. Kwa hiyo inyweni kama saa moja mbali na chakula, hasa akina mama waja wazito na watoto.

Mpe kila mtoto tuta lake dogo la mgagani au mnavu karibu na jikoni. Ashindane na ndugu zake ni nani atakayeleta mboga ya kwanza. Mboga aliyoipanda mwenyewe hataikataa mezani.

HADHARI

Mtu aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze polepole. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, acha mara moja uende hospitali. Mama mja mzito amwulize muuguzi kwanza. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa vyombo vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mhudumu akipita kwako, mwombe awapime wakubwa wote wa nyumba, hata wale wanaosema ni wazima.

Basi jioni ya leo, majani yakisha kupelekwa kituoni na ng'ombe wakisha kukamwa, waite watu wa nyumba yako uwanjani kwa dakika kumi. Wiki ijayo ziwe ishirini, na mwalike jirani. Haba na haba hujaza kibaba.