Saa Moja na Nusu Angani

Kaka yangu alipiga simu usiku. Mama yetu alikuwa amepasuliwa hospitalini Mwanza, na kila akizinduka anataja jina langu. "Panda ndege," akasema kaka, "ni saa moja na nusu tu." Mimi niko Dar es Salaam, nanyonyesha mtoto wa miezi saba. Baba watoto alitoa akiba tuliyoiweka kwa ajili ya bati, tukakata tiketi.

Dada msomaji, hiyo saa moja na nusu ni kweli, ila si safari nzima. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi huchukua saa kumi na tano au zaidi. Reli ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, huzungukia Tabora. Ndege haizunguki, wala haisimami Dodoma watu wanunue zabibu. Ya jeti hutumia saa moja na nusu au pungufu kidogo. Ya pangaboi huongeza dakika kadhaa.

Sasa tuhesabu. Tiketi iliandikwa 0700. Hapo wengi hukosea: saa za tiketi huanzia usiku wa manane, kwa hiyo 0700 ni saa moja asubuhi, si saa saba mchana. (Jirani yangu aliachwa na ndege akiwa bado anapiga pasi.) Tulitoka nyumbani Kimara saa kumi alfajiri, tukafika kiwanjani saa kumi na moja, maana mizigo hupimwa na kukaguliwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe mkononi, si ndani ya begi kubwa. Na kama u mjamzito, uliza kabla ya kulipa. Mashirika mengi hutaka barua ya daktari mimba ikishakuwa kubwa.

Tulitua saa mbili na nusu. Kungoja begi, kisha gari la kilomita kama kumi hadi mjini. Saa nne nilikuwa kando ya kitanda. Saa sita tangu nifunge mlango wangu.

Mama alifungua macho. "Mmetoka lini?"

"Leo, mama."

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi miguuni. "Hata vumbi hamna," akasema, akanishika mkono.

Nilikaa naye siku nne, hata akaweza kuketi na kunywa uji.

Kwenda, mtoto alilala. Kurudi alilia mpaka abiria wakageuka. Sababu niliijua baadaye. Ndege ikiwa juu, hewa ndani yake huwa nyepesi kama ya mlimani, meta 2,000 hivi. Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, hivyo ukitua huko masikio hayapati badiliko kubwa. Dar es Salaam ni pwani. Unashuka mlima wote. Mtoto hajui kumeza mate ili masikio yazibuke, basi mnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, hata ikibidi umwamshe. Mkubwa mpe pipi amumunye. Mimi niliambiwa hayo na bibi wa kiti cha jirani, tukiwa tayari tunaiona bahari.